Kazi Isiyoliwa na Mashine

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliacha darasa la nne, lakini mtu akipita barabarani mbele ya kibaraza changu naweza kukuambia kiuno chake ni inchi ngapi, na ukileta futi upime utakuta sijakosea. Hapa kijijini Dabani, upande wa Uganda, nimeshona gomesi za harusi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka, sare za shule, mapazia ya kanisa. Nguo za kuzikia pia nimeshona, na maiti nimewapima kwa shibiri huku wenye msiba wamegeuza nyuso. Watu wakinisifu sikatai. Nikatae kwa nini? Nayasema haya mapema ili ujue kwamba aliyefanya nitakayoyasimulia hakuwa mjinga wala mwenye roho mbaya. Alikuwa mwanamke aliyezoea kuwa sahihi, na mtu wa namna hiyo ni hatari ndani ya nyumba.

Binti yangu alikufa akaniachia mtoto wa kike wa miaka mitatu. Nikamlea. Macho yangu yalipoanza kuchoka, yeye ndiye aliyenitungia uzi kwenye sindano. Kabla sijamaliza kulalamika mkono wake ulikuwa umeshafika. "Kukhu, lete." Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Analamba ncha ya uzi, anafumba jicho la kulia, uzi unapita. Akiwa mdogo hivyo alisema atakuwa fundi cherehani kama mimi, na hakuwahi kubadilisha neno hilo hata siku moja.

Niliyekataa ni mimi.

Sababu ilitoka mpakani. Mwanangu wa kwanza alikuwa karani pale Busia. Madereva wa malori walifika na simenti na mafuta ya kupikia, hawajui karatasi ipi inajazwa wapi, naye alikaa na meza yake ndogo, mhuri wake na kaboni yake, akawaandikia. Ana mwandiko ambao hata padri aliusifu. Kisha ikaja kompyuta, makarani wakapungua. Halafu ikaja nyingine ambayo, alivyonieleza, inasoma karatasi yenyewe, inajaza yenyewe, na kosa la dereva inaliona kabla ya mtu. Siku moja alirudi nyumbani saa nne asubuhi na meza yake kichwani. Akaitua jikoni bila kusema neno. Mpaka leo tunakatia mboga juu yake. Tangu siku hiyo, mashine kwangu ni mnyama anayekula watu, kwa sababu mfupa aliouacha ninaupikia ugali kila jioni.

Basi mjukuu wangu alipomaliza kidato cha nne na alama zake zikawa za kurudi nazo nyumbani, nilijua ataingia kwenye ufundi. Ng'ombe tulikuwa naye mmoja, kitukuu wa ng'ombe wa mahari ya marehemu mama yake. Ng'ombe mmoja anasomesha ufundi mmoja. Ukikosea, hakuna wa pili.

Jirani yetu ana binti anayesoma uinjinia chuoni Busitema. Jumapili moja baada ya misa alipita kunisalimia, nikamkalisha kibarazani nikamwambia atoe simu.

"Uliza hicho kitu chako kinachojibu," nikasema. "Kazi gani za mikono zinalipa, na kazi gani mashine itakula."

Akacheka. "Kukhu, wewe unaamini ei-ai?"

"Si ndiyo inakula watu? Basi muulize simba mwenyewe atakula nani."

Akaandika, simu ikajibu papo hapo, naye akawa anatutafsiria kutoka Kiingereza. Karani wa kujaza fomu alikuwa juu kabisa kwenye orodha ya wanaoliwa. Mwanangu alikuwa hapo hapo anamenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Imechelewa kuniambia," akasema.

Washonaji walifuata karibu. Simu ilisema viwandani kuna mashine zinakata kitambaa na kushona shati bila mkono wa mtu. Seremala alikuwa katikati. Mwashi afadhali. Chini kabisa, kwa wale ambao mashine haiwawezi, walikaa fundi bomba, fundi umeme na fundi wa kuchomelea vyuma. Kila mlango una upande wake uliopinda, ikasema, na mashine haitaki vitu vilivyopinda. Na upande wa malipo, hao hao watatu walikuwa juu.

"Lakini Kukhu," mjukuu wangu akasema, "hiyo mishahara ni ya Ulaya. Hapa Busia nani analipwa hivyo?"

"Gawanya kwa kumi," nikamwambia. "Bado ni mingi."

"Hata ukigawa kwa mia, hiyo simu haijawahi kufika Busia."

Binti wa chuo akamuunga mkono, akasema kweli, simu haijui habari za huku. Nikawanyamazisha wote wawili. Nilikwisha kusikia nilichotaka.

Lakini mimi si mtu wa kununua kitambaa bila kukipitisha vidoleni. Wiki nzima nilizunguka mjini, upande wa Uganda na upande wa Kenya, nikiwatazama mafundi. Mtu hakuambii pesa yake, na akikuambia anadanganya. Nilitazama viatu. Mwashi alivaa ndala za tairi zilizoshonwa kwa waya. Fundi wa kutengeneza simu alikuwa na viatu vya kung'aa, lakini mikono yake ilikuwa laini kama ya mwanangu, nikasema huyu naye siku zake zinahesabika. Seremala wa majeneza ana nyumba ya matofali na viatu jozi mbili, na wateja hawakosi. Ila sikutaka mtoto wangu awe mtu wa kuangalia mgonjwa na kukadiria mbao. Fundi bomba alilipwa vizuri pale mjini penye mabomba, lakini sisi Dabani kisima cha kupampu kimoja kinanywesha kijiji. Fundi umeme nilimkataa bila kutazama viatu, kwa sababu kijana wa upande wa Kwapa, kijiji cha jirani, alishushwa kutoka kwenye nguzo nikamshonea mimi nguo yake ya mwisho.

Fundi wa kuchomelea nilimkuta karibu na maegesho ya malori. Ni Mkenya, anavuka mpaka kila asubuhi na kurudi jioni. Watu walikuwa wamepanga foleni: huyu anataka dirisha la chuma kwa sababu ya wezi, huyu kitanda, dereva analia bodi la lori limepasuka. Kwa mlango mmoja alipata kile ninachopata kwa gomesi nne. Nikatazama viatu vyake. Buti za ngozi. Zilikuwa na matundu madogo madogo, cheche zimezitoboa kila mahali, nikayachukua matundu yale kuwa dalili ya kazi nyingi.

Nilitazama viatu. Macho yake, yaliyokuwa mekundu kama pilipili iliyokauka, sikuyatazama.

Nyumbani palikuwa na vita. Mwanangu alisema ng'ombe wa mahari ya marehemu hauzwi kwa sababu ya maneno ya simu. Mjukuu alikaa mlangoni na kitambaa alichokuwa anapinda.

"Na mimi je?" akauliza. "Mimi mnaniuliza lini?"

"Wewe unataka nini?"

"Unajua ninachotaka. Cherehani yako iko hapa, wewe uko hapa. Ng'ombe abaki."

"Mashine itakula washonaji."

"Mashine itoke Ulaya ije kupima maiti Dabani?"

Mwanangu akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonikasirisha. Nikasema katika nyumba hii nimeshaona mtu mmoja ameliwa na sitakaa nione wa pili. Wiki iliyofuata ng'ombe akauzwa.

Yule fundi wa kuchomelea alimpokea kwa mshangao, akaniita Shosho, ndivyo Wakenya wanavyomwita bibi. "Shosho, kweli? Umeniletea msichana?"

"Nimekuletea mtu. Mfundishe."

"Hii kazi ni ngumu, ati. Hapa tunachomeka."

"Na mimi jikoni siungui? Mfundishe."

Alijifunza haraka kuliko vijana wote wa pale, na hili silisemi kwa sababu ni damu yangu. Mkono uliozoea kufuata mshono kwenye kitambaa ulifuata mshono kwenye chuma. Mwaka haukuisha akatengeneza geti peke yake, la nyumba moja kwenye barabara ya kwenda Tororo. Nilipanda boda kwenda kuliona. Juu ya geti aliweka maua ya chuma, na maua yale niliyajua: ni yale ninayodarizi kwenye kitambaa cha altare, majani matano na kikonyo kilichopinda kushoto. Mwenye nyumba alinikuta nimesimama nimelishika, akauliza kama nimepotea. Nikamwambia geti lako limetoka kwenye sindano yangu. Naona alidhani nina wazimu.

Pale kwenye karakana yao kulikuwa na kinyago kimoja cha kujikinga uso, kioo chake kina ufa, nacho kilikuwa cha fundi. Wengine walivaa miwani ya jua, ile inayouzwa na wachuuzi kwenye madirisha ya basi. Ule mwanga wa kuchomelea ukiuangalia hivyo, ukirudi nyumbani macho yote mawili yanakuwa kama yamemwagiwa mchanga. Machozi yanatoka, hufungui, hulali. Wenyewe wanasema umechomwa na mwanga. Mara ya kwanza mjukuu wangu alipopatwa, nilikata kiazi mbatata kibichi vipande vyembamba kama karatasi, nikamwekea machoni, na juu yake kitambaa chenye maziwa mabichi. Siku ya tatu akaamka anaona. Mara ya pili hivyo hivyo.

Habari zikaenea pale karakanani. Vijana wakawa wanaletwa kwangu wameshikwa mikono kama vipofu wa kwenye Injili. Nawalaza kibarazani kwenye mkeka, nawakatia viazi, nawatania. Fundi mwenyewe alikuja, akalala na viazi machoni akisema, "Shosho, waru zako ni hospitali kamili." Mimi niliyeacha shule darasa la nne nikaitwa daktari. Sitakuficha, nililipenda jina hilo. Siku moja nililisikia sokoni nyuma yangu, nikatembea polepole ili nilisikie tena.

Lile jambo lilitokea siku ya Jumanne. Alirudi mapema, mchana, ameshika jicho la kushoto.

"Mwanga?" nikauliza.

"Hapana, Kukhu. Nilikuwa nakata bomba kwa grainda." Grainda ni ile mashine ya mkono yenye kisahani kinachozunguka na kukata chuma. "Kitu kimeruka. Kimeingia ndani."

"Ni mwanga. Lala."

"Si mwanga. Mwanga unauma yote mawili. Hii ni moja tu."

Maneno hayo aliyasema waziwazi, nami niliyasikia waziwazi. Hakuna aliyejua kuliko mimi kwamba mwanga haubagui, unachoma macho yote mawili. Nilikuwa nimewalaza vijana wasiopungua kumi kwenye mkeka ule na hakuna hata mmoja aliyekuja na jicho moja. Nikamtazama. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, linatoa machozi, na sikuona kitu ndani yake. Lakini ni lini mara ya mwisho macho haya yangu yaliona kitu kidogo? Tundu la sindano silioni, nikajidai nitaona kipande cha chuma.

"Twende hospitali," akasema.

"Hospitali watakuwekea nini ambacho mimi sina?"

Nikakata viazi.

Siku ya pili alisema maumivu yameingia kichwani. Nikabadilisha viazi. Siku ya tatu mwanangu alisimama mlangoni akasema, "Mama, hili si la viazi," nikamwambia arudi kwenye fomu zake. Nilimpiga pale panapouma, akaondoka. Siku ya nne nilipotoa kitambaa, jicho lilikuwa na wingu jeupe kama ute wa yai lililotiwa kwenye maji ya moto, na harufu.

Tulikwenda hospitali upande wa Tororo, kwa gari la abiria, kichwa chake mapajani mwangu. Ule mwamba wa Tororo ulijitokeza mbele, ukakua, ukapita dirishani, naye akauliza, "Kukhu, tumefika mwamba?" Alikuwa amefumba hata jicho zima kwa sababu likitembea hilo, lile bovu nalo linatembea.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo, sauti yake ya upole. Akamsafisha. Pembeni mwa jicho kulikuwa na unga mweupe umekauka. Akautazama kwenye pamba.

"Hiki ni nini? Kiazi?"

Akaigeuza pamba kwenye taa.

"Nani aliweka kiazi?"

Nikasema, "Yeye mwenyewe."

Lilitoka hivyo, bila kulipanga. Kisha likaita wenzake. Nikasema watoto wa siku hizi hawasikii. Nikasema tangu Jumanne namwambia twende hospitali anakataa, anasema mafundi wenzake wanatumia viazi. Daktari alikuwa anaandika. Mjukuu wangu, pale kitandani, aliligeuza jicho zima akaniangalia. Nilingoja aseme. Akalirudisha jicho lake kwenye dari.

Daktari alitueleza kwamba kilichoingia kilikuwa kipande cha chuma kidogo kuliko kichwa cha pini. Siku ile ile tungekuja, wangejaribu. Sasa kilichobaki ni kulitoa jicho ili uchafu usihamie kwa mwenzake. Likatolewa.

Uongo wangu ulifika Dabani kabla yetu. Sijui nani aliubeba. Labda mimi mwenyewe kwenye simu. Akina mama wa kanisa walikuja kutuona, wakakaa kibarazani pale pale kwenye mkeka wa viazi, wakamwambia mtoto aliyefungwa bandeji, "Ungemsikia bibi yako, ungekuwa na macho yako." Wakanisifu kwa uvumilivu wangu. Naye akawamiminia chai. Kikombe cha kwanza aliipitisha birika pembeni, chai ikamwagika kwenye mkeka, kwa sababu jicho moja halijui kikombe kiko mbali kiasi gani. Wakasema pole. Akafuta, akamimina tena.

Wiki tatu zikapita. Fundi akaja na mkate na sukari.

"Pole, Shosho. Huyu msichana ni mbishi, lakini mkono anao. Nafasi yake iko."

"Asante."

"Sasa, Shosho, wale vijana wawili wamechomwa juzi. Mbaya kabisa. Wananiuliza, zile waru unakata nyembamba kiasi gani? Na zinakaa siku ngapi?"

Mjukuu wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe. Nilijua anasikia. Ningeweza kusema siku hiyo. Mdomo ulikuwa wazi. Nikamwambia fundi, nyembamba kama karatasi, na siku tatu. Akashukuru, akaenda.

Pazia likafunguka.

"Na mmoja wao kama ni chuma?" akauliza.

"Amesema ni mwanga."

"Na mimi nilisema ni chuma."

Nikainuka, nikaifunua cherehani, nikamwambia, "Chukua. Ni yako. Kaa hapa nyumbani, nitakufundisha yote, hata kukata suti." Nikamvutia kiti. Alikaa. Akachukua sindano na uzi, kwa mazoea akalamba ncha, na kwa mazoea akataka kufumba jicho la kulia, akakumbuka kwamba ndilo lililobaki. Uzi ukapita pembeni ya sindano. Akajaribu tena, ukapita mbele yake. Mara ya tano au ya sita aliiweka sindano mezani taratibu.

"Nilitaka hii nikiwa na macho mawili," akasema.

Nikamwambia basi nitamwita yule binti wa chuo aulize kwenye simu, lazima kuna kazi nyingine, kazi ya mtu wa...

"Usiulize simu! Niulize mimi."

Nilikuwa nimemlea miaka kumi na saba. Nikatafuta katika kichwa changu siku hata moja niliyomuuliza jambo nikangoja jibu lake, sikuiona. Nikakaa chini kwenye mkeka, yeye yuko juu kwenye kiti.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Jumatatu narudi kwenye chuma."

"Utapofuka kabisa! Likienda hilo moja..."

"Chuma hakina tundu la sindano. Naweza. Ng'ombe ya mama ilikwisha kwenye hiyo kazi, sasa nimeijua unataka kuninyang'anya?" Hakupaza sauti. "Nitanunua kinyago changu, na miwani ya plastiki ya kukatia, ile nyeupe. Lakini Jumatatu wewe unakuja na mimi. Utawaambia."

"Niwaambie nini?"

"Unajua."

Siku tatu nilizosubiri Jumatatu nilitafuta njia. Nilifikiri kumwambia fundi peke yake, pembeni. Nilifikiri kuugua. Ninajua kuugua vizuri. Lakini kila nilipoinua uso yeye alikuwa ananiangalia, na lile jicho lake moja limejifunza kufanya kazi ya mawili.

Jumatatu tulikwenda. Vijana walikuwa saba, na fundi. Mmoja wa wale waliochomwa alikuwa bado na macho yaliyovimba, ameegemea ukuta, anangoja yapoe arudi kazini. Waliponiona wakashangilia. "Daktari! Daktari wa waru!"

Nikawaambia wazime mashine. Nikasema kwa Kiswahili ili wa pande zote mbili wanielewe. "Huyu mtoto hakujiwekea viazi. Niliweka mimi. Aliniambia ni chuma, aliniambia ni jicho moja, akaomba hospitali. Nikakataa siku tatu. Halafu daktari alipouliza, nikamsingizia. Jicho lake nimelitoa mimi."

Kijana mmoja akacheka, akidhani ninatania kama siku zote. Kisha akaacha. Yule aliyevimba macho akasema, "Lakini, mama, mimi umeniponya mara nne."

"Ungepona hata ningekuwekea mavi ya kuku," nikamwambia. "Yale ya mwanga yanapoa yenyewe."

Hilo ndilo lililoniuma kulitamka kuliko lile la kwanza, unaona. Mtu ni kitu cha ajabu.

Mjukuu wangu akavua miwani aliyokuwa amevaa. Aliwaacha waangalie lile shimo, mmoja mmoja, jinsi mtu anavyopitisha sahani ya sadaka. Fundi alitazama chini, kwenye zile buti zake zenye matundu. Alisema polepole, "Sasa Shosho, tungejua aje?"

"Jicho moja, hospitali," mjukuu akasema. "Siku hiyo hiyo. Hiyo tu."

Wakaitikia. Mmoja alijipapasa mfukoni akatafuta miwani yake ya jua, kana kwamba hiyo ingemsaidia. Mwingine akawasha grainda na kuinamia bomba kwa macho matupu, na fundi akampiga kofi la kisogo. Wengine waliendelea kama walivyokuwa. Wateja walikuwa wameshaanza kupiga foleni, na yule dereva wa lori, au mwingine kama yeye, alikuwa analalamika kuhusu bodi lake.

Nyumbani sikutaka kwenda. Nikakaa juu ya debe la rangi lililopinduliwa. Akina mama wa kanisa wangesikia kabla ya saa sita mchana, na kwenye cherehani yangu nani angetunga uzi? Mjukuu wangu alichukua fremu ya dirisha, akaipapasa kwa vidole kutafuta pembe, kwa kuwa umbali haupati tena kwa kuangalia. Akaipata. Akavaa kinyago chake kipya, akakishusha. Uso wake ukapotea.

"Kukhu," sauti ikatoka ndani, "geuza uso."

Nikageukia ukuta. Mwanga ukawaka nyuma yangu, na kivuli changu kikaruka mbele yangu juu ya matofali, kikubwa, kimekaa juu ya debe, kikatetemeka mpaka alipomaliza mshono.